Kwa Baba Zuhura, Uliyesema Ilikuwa Nyama Tu

Iringa, Agosti 1957

Baba Zuhura,

Hapa kwetu sote wazima. Zuhura amepona kikohozi, na wiki hii ameanza kulala bila kuniamsha. Juma, mdogo wako, amefika salama na salamu zako amezileta. Alikunywa chai, akazungumza habari za barabara na baridi ya Makambako, akamsifu mtoto kwamba amekua, na mpaka nilipomwuliza mwenyewe, "Shemeji, umetumwa nini?" ndipo alipoweka kikombe chini.

Umesema eda yangu ilikwisha siku nyingi, na hakuna aliyeniposa. Umesema mtoto wa kike hafai kukua mbali na baba yake, na kwamba marehemu baba yangu sasa hayupo, kwa hiyo hakuna wa kumwonea haya. Basi turudiane. Halafu kulikuwa na neno la mwisho ambalo Juma hakutaka kulitoa, nikamvuta mpaka akalitoa huku anatazama mkeka: "Kaka anasema, mtu havunji nyumba kwa ajili ya kipande cha nyama."

Nilikuwa nimekusudia kumpa jibu la mdomo, fupi, aondoke nalo. Lakini hilo neno la nyama lilinikaa kooni siku nzima. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Bahasha siifungi. Juma aisome njiani akitaka, na wewe ukiisha kuisoma mpe yeyote aliyewahi kusikia kisa hiki kutoka kwako, maana najua ulikisimulia kwa wengi, na najua ulivyokisimulia.

Nianze na mazuri, kwa sababu yalikuwapo na sitaki kuyakana. Ulikuja dukani kwa baba na turubai la lori limechanika katikati, ukamwomba akushonee upesi kwa kuwa mzigo wa vitunguu ulikuwa unalowa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitia uzi kwenye sindano za baba, macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Ulimwambia, "Mzee, nitakaa hapa nikushikie kitambaa," ukakishika mpaka alasiri, na adhana iliposikika ukaenda kusali naye. Baba alirudi msikitini amefurahi. Aliniambia, "Kijana huyu ana adabu." Wiki iliyofuata ulileta vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kapu zima, na ulipoposa hakukuwa na aliyeshangaa.

Nakumbuka safari ya kwanza kwenda Mbeya, nyumbani kwetu. Baridi ya Sao Hill sikuwahi kuijua, mimi niliyelelewa na bibi wa Kilwa aliyeiogopa hata baridi ya Iringa mjini. Ulivua koti lako ukanifunika, ukaendesha na shati tu, na meno yako yaligongana mpaka nikacheka. Ulisema, "Sisikii baridi hata kidogo." Nilikupenda kwa uongo ule. Nilidhani ni uongo wa upole, na labda ulikuwa hivyo. Sikujua kwamba ulikuwa unatoka kwenye kisima kile kile ulimochota mengine yote.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Zuhura alikuwa ameanza kutambaa, na baba alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja kumwona mjukuu wake. Siku zile zile ulikuwa umejuana na wale Waswisi wawili wenye shamba la ng'ombe juu kwenye njia ya Tukuyu, Bwana Anton na mkewe Klara. Bwana Anton alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia magari yake ya maziwa, na wewe ulikuwa umechoka kumwendeshea mtu lori usiku na mchana. Sikukulaumu kwa kuitaka kazi ile. Nilikuombea. Bwana Anton akakuambia kwamba kwao mtu wa kufanya naye kazi kwanza huketi naye mbele ya jibini moja, na wewe, kabla hajamaliza kusema, ukamwalika kwetu. Ulirudi nyumbani umechangamka. "Wanakuja kula kwetu Jumapili, mama Zuhura. Chakula chenyewe watakuja nacho. Kinaitwa rakleti."

Nikauliza ni nini hicho.

"Jibini. Wanaiyeyusha mbele ya makaa, wanaikwangua juu ya viazi. Kazi yako ni viazi tu."

Ulileta kipande nyumbani siku ile ile, kimefungwa kwenye karatasi, ili ujizoeze kukila. Nilikifungua mezani. Harufu yake ilikuwa ya ngozi mbichi iliyosahauliwa kwenye gunia. Nilikitoa nje nikakiweka juu ya ukuta wa banda la kuku, na kuku wenyewe wakahama upande. Mama Ambakisye, jirani yetu, alipita na ndoo yake ya maji, akasimama. "Mwe, jirani, hii kitu imekufa lini?" Tulicheka wote watatu, wewe ukiwa wa kwanza. Ukashika pua, ukakata, ukatafuna huku machozi yanakutoka, ukasema, "Tamu." Kila jioni wiki ile ulikula kidogo, na kila ukiisha kula ulizunguka nyuma ya choo nikakusikia unatapika, kisha unarudi unapangusa mdomo unasema, "Nimeanza kuizoea." Nilikuonea huruma. Nilisema moyoni, huyu mume wangu anajitesa kwa ajili yetu.

Baba alifika Jumamosi, amechoka, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alimpakata Zuhura kabla hata ya kunawa. Nilikuambia, kwa kuwa mzee yupo, tuwaombe wageni waje wiki nyingine. Ukasema hapana, ndiyo vizuri zaidi, Mzungu aone familia yenye heshima, baba mkwe mwenye kanzu na kofia, mtoto msafi. Ulisema, "Mzee akae mbele kabisa." Nilifurahi kusikia hivyo. Leo nikikumbuka naona ulitaka kumpanga pale kama pambo.

Tuliazima meza kwa Mama Ambakisye na viti kwa majirani wawili. Sahani zilikuwa zangu, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu alizonipa baba siku ya harusi, alizokuwa ameziagiza kwa mtu wa Dar es Salaam. Nilichemsha viazi sufuria nzima, nikatengeneza kachumbari, nikapika na maandazi kwa ajili ya baba endapo hataweza jibini.

Wageni walikuja jioni na gari lao. Nitasema haki yao: walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bwana Anton alikuwa na nusu ya jibini, kubwa kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, ameikumbatia kwa mikono miwili. Mama Klara alikuwa na kikapu cha vitunguu vidogo na matango ya siki, na juu yake kifurushi cha nyama iliyokatwa nyembamba sana, nyekundu, yenye utepe wa mafuta meupe pembeni. Alinikabidhi mimi kikapu, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Hii ni ya kula pamoja."

Nilikwenda nacho jikoni. Ukanifuata. Nilikuuliza, na nakumbuka nilivyokuuliza, nikiwa nimeshika kile kifurushi mkononi, "Baba Zuhura, nyama gani hii?"

Ukasema, "Ya ndama. Wanaikausha kwa moshi."

Hukusita. Hukukohoa. Sauti yako ilikuwa ile ile unayoniambia kwayo kwamba mafuta ya taa yamekwisha. Nikaipanga kwenye sahani zangu za harusi, na wakati wa kupanga nikatia kipande kimoja mdomoni. Kilikuwa na chumvi na moshi. Nilikipenda, Baba Zuhura. Hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nikiosha vyombo nisugue ulimi kwa chumvi bila kujijua.

Mezani baba alikaa mbele, wewe kulia kwake, na Juma, aliyekuwa amekuja kututembelea, kushoto. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, mtoto amepakatwa na babu yake. Bwana Anton aliweka jiko la mkaa sakafuni juu ya matofali, akaielekeza ile jibini kwenye makaa, na uso wa jibini ukaanza kutoa jasho, kisha malengelenge, kisha ukaporomoka kama usaha unaotoka kwenye jipu. Alikuwa anaukwangua kwa kisu kirefu juu ya kiazi cha kila mtu. Harufu ikapanda mpaka kwenye bati. Mafuta yakadondoka sakafuni, yakatiririka mpaka chini ya mkeka. Mapazia yale niliyafua mara ngapi baadaye, na bado siku za mvua yalinuka harufu ya jioni ile.

Baba alikula. Alimaliza kiazi chake chote, akavuta pumzi, akasema, "Haya ni maziwa yaliyozeeka. Si vibaya, hata mimi nimezeeka." Bwana Anton alicheka kwa furaha akamkwangulia tena. Mama Klara akamsogezea baba sahani ya nyama, na baba, ambaye ulimi wake nadhani ulikuwa unatafuta kitu cha kuondoa ladha ya ile jibini, akachukua. Akachukua tena. Wewe ulikuwa unamtazama. Niliingia na sufuria ya viazi nikakuona unamtazama baba yangu anapopeleka ile nyama mdomoni, na ulikuwa unatabasamu kwa Bwana Anton.

Juma naye alikula. Juma, ukiisoma hii njiani, najua unakumbuka.

Kisha baba, kwa adabu zake, akataka kumsifu mwenye mali. Alimgeukia Bwana Anton akamwuliza, "Bwana, ndama wenu mnamlisha nini hata nyama yake ikawa laini hivi?"

Bwana Anton hakuelewa. "Ndama?"

"Ndama. Huyu." Baba akaonyesha sahani.

Mama Klara aliacha kutafuna. Alikutazama wewe, akakutazama muda, uso wake ukabadilika rangi kuanzia shingoni. Akasema, "Bwana Selemani. Mimi nilikuuliza. Nilisema, wewe Mwislamu, nilete nyama ya nguruwe au nisilete? Wewe ulisema lete, hapa nyumbani sisi watu wa kisasa, tunakula."

Zuhura alikuwa anavuta kofia ya babu yake huku anacheka. Mpaka hapo, Baba Zuhura, ungeweza kusema neno moja. Ungesema, nisameheni, nilitaka kazi. Baba alikuwa mtu wa kusamehe kabla hujamaliza kuomba. Nilisimama na sufuria yangu nikingojea useme.

Ulicheka. Ulimwekea baba mkono begani ukasema, "Baba, usishtuke. Kiswahili cha memsahibu bado. Anachanganya majina ya wanyama."

Na yule mwanamke, mgeni, katika nyumba yetu, ilimbidi ajitetee. Aliweka uma chini. "Mimi najua neno nguruwe," akasema. "Ninawafuga."

Baba alisimama. Hakuangusha kiti, hakupaza sauti. Alimweka mtoto mikononi mwa Juma, akatoka nje. Nilichukua birika nikamfuata. Alikuwa ameinama karibu na migomba, ameshika kofia yake isianguke, vidole viwili kooni. Nilipomwona nami nikashindwa. Tulitapika pale, mimi na baba yangu, kama watu waliolishwa sumu, na katikati ya kutapika akaninyooshea mkono akanishika bega ili nisianguke. Nilimmwagia maji akasukutua, akanimwagia nami nikasukutua. Nilikuwa nalia, namwambia, "Baba, nimekuwekea mwenyewe kwenye sahani." Akasema, "Hukujua. Nami sikujua. Asiyejua hana dhambi, mwanangu. Nawa uso turudi, kuna wageni."

Alirudi ndani, mzee yule, na kanzu imelowa kifuani. Alimpa mkono Bwana Anton, na mbele ya Mama Klara akaweka mkono kifuani pake mwenyewe, akawaambia, "Nyinyi hamna kosa. Mliuliza. Asanteni kwa kuja kwetu." Mama Klara alikuwa analia. Bwana Anton alikuwa anaifunga jibini yake kwenye kitambaa, hakutazamana nawe hata mara moja. Wewe uliwasindikiza mpaka garini ukiendelea kuzungumza, nilikusikia ukiwaambia kwamba mzee ni mtu wa zamani, kesho atakuwa amesahau.

Baba hakukusemesha. Alitandika mkeka wake chumba cha nje akasali, na asubuhi na mapema akaenda kutafuta lori la kurudi Iringa, ingawa alikuwa amekuja kukaa wiki mbili. Nilimsindikiza mpaka stendi. Nilimwambia twende wote. Akakataa. Alisema, "Usiondoke kwa ajili yangu. Ukiondoka, iwe kwa ajili yako mwenyewe." Akambusu Zuhura kichwani akapanda juu ya magunia.

Niliporudi nilikukuta umelala. Nilitoa vyombo vyote uani. Nilichota udongo nikasugua, nikasuuza kwa maji, tena na tena mpaka zikatimia mara saba kama bibi alivyotufundisha, kila sahani, kila uma, meza ya watu, hata kile kikapu alichokisahau Mama Klara. Mama Ambakisye alikuja kuchukua meza yake akanikuta nimepiga magoti kwenye tope. Nilimweleza. Yeye Mkristo, nguruwe wako kwake uani, ungedhani angecheka. Alikwenda akaleta ndoo zake mbili za maji akachuchumaa upande wa pili. "Sisi tunakula hii nyama, jirani," alisema. "Lakini mtu kulishwa kwa kudanganywa, hapana. Hata mbwa mimi simfanyii hivyo." Tulisugua pamoja mpaka adhuhuri.

Wewe uliamka, ukasimama mlangoni na kikombe cha chai, ukatutazama. Ukasema, "Mnajisumbua. Ni nyama tu."

Neno lako ni lile lile mpaka leo. Hujapata jingine.

Sikuondoka siku ile. Nilikaa miezi, na nataka ujue miezi ile ilikuwaje kwangu, kwa sababu hukuwahi kuuliza. Chakula ulicholeta sikukiamini. Ukinunua nyama, nilimpelekea Mama Ambakisye akaipika kwake, mimi nikala dagaa na mchicha. Ukinishika, nilisikia harufu ya ile jibini hata kama umeoga, nikageukia ukutani. Ulidhani nina kisirani. Bwana Anton alipompa mtu mwingine ile kazi ya magari, ulirudi nyumbani ukasema, "Haya, baba yako na tumbo lake la kizamani ametuharibia." Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Nilikutazama kinywa kinavyosema, nikaona mate pembeni mwa midomo, nikasikia kichefuchefu cha siku ile kinapanda tena, safari hii hakuna nyama wala jibini, ni wewe tu umesimama.

Kitu kilichoniandama zaidi kilikuwa kile kicheko. Nilianza kupekua nyuma. Ulipomwambia baba kwamba unasali swala zote tano. Ulipomwambia tajiri wako kwamba gari liliharibika Chimala. Ulipoulizwa na mama yako kama pesa ya dawa umepeleka. Kila nilichokumbuka kilikuwa na sauti ile ile isiyosita. Niliona kwamba sijui hata jambo moja ambalo uliwahi kuniambia likawa limesimama lenyewe.

Bado nilikuwapo. Kilichonitoa ni jioni ile niliyokwenda dukani kwa Mwarabu kununua mafuta ya taa. Mlikuwa barazani, wewe na madereva wenzako, mmenipa mgongo. Ulikuwa umesimama katikati, umekunja mabega kama mzee, umeshika kofia isiyokuwapo, unaigiza sauti ya baba yangu: "Bwana, ndama wenu mnamlisha nini?" Na wao wakagonga ubao wa baraza kwa kucheka. Mmoja akasema, "Hebu tena, Selemani, ile ya kutapika." Ukainama ukaigiza na kutapika.

Sikukuita. Nilirudi nyumbani bila mafuta, nikafunga nguo za mtoto kwenye kanga, nikaagana na Mama Ambakisye, na alfajiri nikapanda lori la kwanza lililokuwa linakuja huku. Sahani zangu nilizichukua.

Ulikuja Iringa baada ya mwezi, ukapewa chai, ukatoa talaka, yakaisha. Watu wa mtaani walimwuliza baba kwa nini binti yake amerudi. Aliwaambia, "Amekuja kunitazama, macho yangu mabovu." Miaka hiyo yote hakuna jirani aliyelisikia jina lako likitajwa vibaya kutoka kwake. Alikusitiri kuliko ulivyostahili. Ndiyo maana ulipokuja msibani mwaka jana watu walikupokea vizuri, ukabeba jeneza, na baada ya maziko nikakuona umekaa katikati ya wazee umeshika mnofu wa mbuzi, mafuta yanakushuka mpaka kwenye kiwiko, unawaambia, "Mimi na mzee tulisameheana kabla hajafa." Nilikuwa nimebeba sinia la pilau. Ilibidi nimpe mtu mwingine.

Hamkusameheana. Hukuwahi kumwomba. Kwa kuwa umelitia jina lake katika jambo hili, nitakuambia alichosema, na alisema mara moja tu, tukiwa dukani, anashona na mimi namtilia uzi. Alisema, "Ile nyama nilikwisha kuisahau. Lakini yule mama wa watu, aliyeuliza kwanza kabla ya kuleta, akaambiwa mezani kwamba hajui anachosema. Hilo bado." Kisha akaendelea kushona. Hicho ndicho kilichomuuma, na wewe hata hukukiona kuwa ni kosa.

Basi jibu langu ni hapana. Sitarudi, si mwaka huu wala mwingine, na usimtume Juma tena kwa jambo hili, unamtia aibu. Duka la baba sasa naliendesha mimi. Cherehani naiweza, wanafunzi wa kike ninao, na Waislamu na Wakristo wananiletea sare za watoto wao. Tunakula kidogo, na tunajua tunachokula.

Zuhura ni wako, na sikunyimi. Shule zikifungwa nitampeleka mwenyewe mpaka Mbeya, atafikia kwa Mama Ambakisye, na mchana utakuwa naye. Atafurahi. Anauliza habari zako, kama unaendesha gari kubwa, kama unajua kuogelea. Siku hizi anauliza na jambo jingine: kwa nini baba na mama hawakai nyumba moja. Mimi sijamjibu. Mtu akijaribu kumjibu mbele yangu namnyamazisha. Nimekuachia wewe. Akikuuliza, mweke karibu nawe umwambie. Akirudi nitamtazama usoni, sitahitaji kumwuliza kama ulimwambia kweli.

Ni mimi,
Mama Zuhura